Chama cha watu wa usalama kazini ni cha kazi gani?

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni nesi. Nimehudumu miaka minne katika zahanati ya kiwanda cha plastiki hapa Namanve. Mwezi wa tatu meneja aliniita akaniambia, kuanzia leo wewe pia ni ofisa wa usalama. Nikapewa riflekta na helmeti nyeupe, basi. Mwenzangu wa kiwanda jirani ananihimiza nijiunge na chama chao cha wataalamu wa usalama na afya kazini, lakini ada ya mwaka inakaribia robo ya mshahara wangu wa mwezi. Meneja aliposikia akauliza kama hiyo ni yunioni, nami sikuwa na jibu. Vyama hivi vilitoka wapi, vinafanya nini hasa, na nesi kama mimi ana nafasi gani humo? Msomaji, Mukono.*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali la meneja wako, kwa sababu lisipojibiwa vizuri linaweza kukuponza.

Si yunioni. Yunioni hudai mshahara, saa za kazi na likizo, na ikishindwa kuelewana na mwajiri ina haki ya kuitisha mgomo kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Hapa Uganda yunioni zina shirikisho lao la NOTU tangu 1973. Waajiri wana chama chao, Federation of Uganda Employers, tangu 1958. Serikali inaingia kupitia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mambo ya kazi yakijadiliwa nchini, hao watatu ndio wenye viti mezani. Sasa jiulize wewe unakaa kiti kipi. Mshahara wako unatoka kwa mwajiri. Unayemlinda ni mfanyakazi. Sheria unayoisimamia imetungwa na serikali. Huna kiti! Na siku mashine inapotakiwa kuzimwa wakati oda ya mteja imechelewa, wewe ndiye unayesimama mbele ya mtu anayekulipa na kumwambia hapana. Ukimwambia hapana ukiwa peke yako, mara nyingi hutasema mara ya pili.

Vyama hivi vilizaliwa kwa ajili ya upweke huo. Humo utawakuta maofisa wa viwanda, wahandisi, madaktari, walimu wa vyuo, watu wa bima, hata wakaguzi wa serikali wakiwa nje ya saa zao za kazi. Hawajadili mshahara wa mtu. Mwambie meneja kwamba chama cha namna hii ni ndugu wa vyama vya wahandisi na madaktari, si wa yunioni. Na kama bado ana wasiwasi, mkumbushe kwa adabu kwamba hata ingekuwa yunioni, Sheria ya Ajira ya 2006 inamkataza mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama huo.

Sasa historia. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha New York. Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha kushona mashati cha Triangle, kilichokuwa ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi ya jengo moja. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wasichana wahamiaji, Wayahudi na Wataliano, wengine hawajatimiza miaka ishirini. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda waliogopa wizi. Ngazi ya chuma ya nje ilipinda na kuanguka pamoja na waliokuwa wakishuka. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya sita tu. Walikufa watu 146, na wengi waliruka madirishani mbele ya macho ya umati. Wenye kiwanda walishtakiwa wakaachiwa huru mwezi Desemba mwaka huohuo.

Nimesimama kwenye mlango uliofungwa namna hiyo hapahapa kwetu, si mara moja. Niliuliza ufunguo uko wapi, nikajibiwa uko kwa supavaiza, na supavaiza ametoka kula. Kwa hiyo kisa hicho ukikisoma usidhani ni habari za kale za nchi ya mbali.

Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo wa 1911, haijatimia miezi saba tangu moto ule, kundi dogo la wakaguzi wa kampuni za bima lilikutana New York na kuunda chama. Hawa walikuwa watu wa kuzunguka viwandani kukadiria hatari, ili kampuni ijue itoze bima kiasi gani. Kila mmoja aliona viwanda vya wateja wake tu. Alichokiona mmoja, mwenzake hakukijua, na ajali ileile ikawa inajirudia mtaa wa pili. Mwaka 1914 chama hicho kilichukua jina la American Society of Safety Engineers, na tangu 2018 kinaitwa American Society of Safety Professionals, kwa kifupi ASSP. Jina lilibadilishwa kwa sababu ya maana, nayo inakuhusu wewe: wanachama wake wengi hawakuwa wahandisi tena.

Uingereza ilipitia njia nyingine. Kule serikali ilitangulia. Sheria ya viwanda ya 1833 ilileta wakaguzi wanne wa kwanza, wanne kwa nchi nzima yenye viwanda vya pamba kila bonde. Maofisa wa usalama wa ndani ya viwanda walikuja kuungana baadaye sana, mwaka 1945, na chama chao ndicho leo kinaitwa IOSH. Nakitaja kwa sababu sheria yetu ya zamani, Sheria ya Viwanda, ilishonwa kwa kitambaa cha Waingereza hao.

Mimi nimekulia Walukuba, Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo na kinu cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe. Walukuba ulikuwa mtaa wa wafanyakazi. Mlugbara, Mgisu, Msoga na Mjaluo waliishi ukuta kwa ukuta, na lugha iliyowapatanisha ni hii tunayoandikiana mimi na wewe. Baba yangu alikuwa kibarua katika kiwanda kimojawapo. Kwake yeye neno "usalama" lilimaanisha askari wa getini anayekupekua ukitoka. Hata leo ukijitambulisha kama ofisa wa usalama, Mganda wa kawaida anafikiri umetumwa na serikali kusikiliza maneno ya watu. Ndiyo maana nakushauri useme kila mara "usalama na afya kazini", ukiyataja yote mawili. Itakupunguzia macho ya mashaka, na wafanyakazi watakuambia mambo.

Sheria ile ya zamani ilihesabu kiwanda tu. Boila, winchi, lifti, mikanda ya mashine, hayo yalikaguliwa. Shamba la maua, hospitali, shule, ofisi, vyote vilibaki nje. Halafu ikaja 1972 na kufukuzwa kwa Waasia. Viwanda vilibaki bila wenyewe, na baada ya muda bila vipuri. Nilipoanza kazi bado nilikuta mashine zilizoishi miaka yote hiyo kwa viraka: kava ya mkanda ilitolewa siku moja ili fundi afikie bearingi, haikurudishwa tena, na kizazi kizima cha wafanyakazi kikajifunza kazi kwenye mashine iliyo uchi kikidhani ndivyo ilivyoumbwa. Hilo lilinifundisha jambo kubwa kuliko darasa lolote. Hatari ikikaa muda mrefu, watu huacha kuiona.

Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria nne za kazi kwa mpigo, na mojawapo ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Mzizi wake ni ibara ya 40 ya Katiba ya 1995, inayolitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha watu wanafanya kazi katika mazingira salama na yenye afya. Sheria hiyo iliondoa ukuta wa kiwanda na kuingiza kila mahali pa kazi. Inamtaka mwenye mahali pa kazi amjulishe Kamishna wa serikali wa usalama na afya kazini angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kupatumia. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi hata shilingi. Inaweka wawakilishi na kamati za usalama. Ni sheria nzuri, naisema hivyo kwa moyo wote maana nimefanya kazi chini ya ile ya zamani na chini ya hii.

Lakini sheria haina miguu. Wakaguzi ni wachache, nchi ni pana, na kila mwezi majengo yanachipuka kutoka Mukono hadi Mpigi. Sheria ilihitaji mtu wa ndani, anayeshinda pale kila siku. Mtu huyo ndiye wewe, mwanangu, na wengi wameanza kama ulivyoanza: riflekta, helmeti, basi.

Mwaka huohuo wa 2006 habari za mafuta ya Bunyoro zilithibitika. Kadiri miradi ilivyosogea, kampuni za nje zilianza kudai vyeti kutoka kwa kila kontrakta, na vijana wetu wakakimbilia mitihani ya nje kama ile ya NEBOSH ya Uingereza. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga likawa kazi ya watu wa nchi mbili. Ghafla jina "ofisa wa usalama" likawa ajira inayotafutwa. Riflekta ya njano unainunua Kikuubo, kwenye maduka ya Kampala, kwa bei ya sahani ya chakula. Mwanasheria ana Uganda Law Society iliyoundwa kwa sheria ya 1956, na mhandisi ana bodi ya usajili kwa sheria ya 1969. Anayejiita ofisa wa usalama nani anampima? Nigeria walilijibu swali hilo kwa kuipa taasisi yao ya wataalamu wa usalama sheria ya Bunge mwaka 2014. Natamani nasi tufike huko, na hatutafika bila chama kilichosimama imara kwanza, kwa sababu Bunge haliwezi kukabidhi kazi ya kupima watu kwa kikundi kisichoweza hata kusoma hesabu zake mbele ya wanachama.

Chama kinaweza kuanza kama tawi la chombo kikubwa cha nje. ASSP ya Marekani na IOSH ya Uingereza zote zina matawi nje ya nchi zao. Au kinaweza kuota hapahapa, kikaandikishwa Kampala na kuishi kwa ada za wanachama. Tawi la nje lina maktaba na jina. Chama cha nyumbani kinajua kwamba jukwaa la ujenzi hapa ni miti ya mikalitusi iliyofungwa kwa misumari na kamba, si mabomba ya chuma yaliyochorwa kwenye vitabu vyao. Mimi naegemea cha nyumbani, ingawa sikukatazi kile kingine.

Acha nikueleze kwa nini naamini vyama hivi vina kazi, maana siamini kwa sababu ya historia ya New York.

Miaka ya tisini, nikiwa mkaguzi, niliitwa kwenye kiwanda kimoja ambako wanaume wawili walikuwa wamekufa ndani ya tangi la molasi. Tangi lilikuwa limekaa wiki kadhaa na mabaki kidogo chini. Wa kwanza alishuka kwa ngazi kusafisha, akaanguka. Wa pili alikuwa rafiki yake. Alimwona kutoka juu, akadhani ameteleza, akashuka mbio. Wa tatu alizuiliwa na mzee mmoja mpishi wa kantini aliyemshika kiunoni na kukataa kumwachia. Mpishi huyo hakujua sayansi yoyote. Alisema tu, wawili wameshuka na hawasemi, wewe unakwenda kufanya nini?

Sayansi yake ni hii. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia bila chombo cha kupumulia. Molasi ikichacha hutoa kaboni dayoksaidi, gesi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inayotulia chini ya tangi kama maji kwenye ndoo. Hata kutu ya chuma yenyewe hula oksijeni ndani ya tangi lililofungwa. Mtu anaposhuka ngazi anatoka kwenye hewa na kuingia kwenye kisichokuwa hewa, na macho hayamwonyeshi tofauti. Oksijeni ikiwa chini kabisa, pumzi mbili tatu zinatosha kumzimisha kabla hajapiga kelele. Na tabia ya ajali hii ni kuua waokoaji. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inayoitwa NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 ikisema zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hiyo walikuwa watu waliokwenda kuokoa wengine.

Niliandika ripoti yangu. Nilipendekeza yale yanayojulikana: kupima hewa kwanza, kupuliza hewa safi kwa feni, mtu mmoja kubaki juu akiwa ameshika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa aliye chini, na asishuke kwa sababu yoyote ile. Ripoti ikaingia kwenye faili, faili ikaingia kabatini. Miaka mitatu baadaye niliitwa kiwanda kingine, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kile cha kwanza. Tangi. Wanaume wawili. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha, kwa sababu suluhisho nililiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na yule ofisa wa kiwanda cha pili hakuwahi kulisikia. Angelisikia wapi? Kiwanda cha kwanza kilificha kwa kuogopa aibu na fidia. Ofisi yetu ya ukaguzi iliweka siri za waajiri. Magazeti yaliandika majina ya marehemu, yakanyamaza.

Baada ya mazishi yale tulianza kukutana, watu saba, Jumamosi moja kila mwezi, kwenye kantini ya mwenzetu. Hatukuwa na jina wala mhuri. Tulikuwa na sharti moja: kila anayekuja alete ajali moja, au ajali iliyonusurika chupuchupu, aisimulie yote bila kutaja kiwanda wala mtu. Mkutano wa tatu, jamaa wa kiwanda cha vinywaji alituchorea kwenye karatasi kifaa cha miguu mitatu alichochomelea kwa mabomba, chenye kapi na kamba, cha kumvuta mtu kutoka kwenye tangi bila mwingine kushuka. Gharama yake ilikuwa ndogo. Ndani ya miezi michache wanne kati yetu tulikuwa tumeviona vikitengenezwa mahali petu. Sijui vimeokoa watu wangapi, maana asiyekufa haandikwi.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chama, na kwangu inazidi zote: kuipitisha habari ya ajali juu ya ukuta wa kiwanda. Kama chama chenu hakifanyi hivyo, sina haja ya kusikia mengine.

Kazi ya pili ni kumpa ofisa mgongo wa kuegemea. Ofisa akimwambia meneja "mimi naona si salama", hayo ni maoni ya mwajiriwa. Akisema "watu wa fani hii nchini wamekubaliana kwamba kazi ya juu ya urefu huu haifanyiki bila mkanda, na huu hapa mwongozo wao", mazungumzo yanabadilika. Nimewahi kuona kijana aliyekuwa karibu kusaini karatasi ya kuthibitisha kwamba vibarua wamefundishwa, hali hawajafundishwa. Bosi wake alikuwa amesimama juu yake. Alisema, "Bosi, nikisaini hii chama kitanifuta." Ilikuwa kweli, maadili ya chama chake yalikataza, na bosi akaelewa kwamba kijana hakuwa anamdharau. Maadili yaliyoandikwa yanampa mtu mdogo neno la kusema.

Mengine nitayapitia haraka. Chama kinafundisha, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko makampuni ya mafunzo. Kinaadhimisha tarehe 28 Aprili, siku ya dunia ya usalama na afya kazini, iliyoanza kuadhimishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2003. Kinapeleka maoni serikalini sheria zinaporekebishwa, na sauti hiyo ina uzito zaidi tangu Juni 2022, shirika hilo lilipoweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za kazi.

Lakini lugha sitaipitia haraka. Nenda kwenye ujenzi wowote mkubwa asubuhi, usikilize kikao cha kabla ya kazi. Ofisa anasoma kwa Kiingereza kutoka kwenye karatasi. Vibarua wametoka Arua, Mbale, Kasese, wengine wamevuka Busia na Mutukula. Wanatikisa vichwa. Kikao kikiisha ndipo wanaulizana kwa Kiswahili, "Amesema nini kuhusu ile kreni?" Kama kuna jambo moja chama cha Uganda kinaweza kulifanya kesho bila bajeti, ni kutoa maelekezo ya hatari kumi za kawaida kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha zetu nyingine, yasomwe kwa sauti. Onyo ambalo kibarua hakulielewa halijatolewa, hata kama amesaini kwamba amelisikia.

Kuhusu ada: robo ya mshahara wa mwezi ni fedha nyingi, sitajifanya kuiona ndogo. Kwanza mwombe meneja ailipe kiwanda, na umweleze kwa hesabu anayoijua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mfanyakazi akifa kazini, au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Miaka mitano ya mshahara wa mtu mmoja, mbali na mashine iliyosimama, polisi, na wafanyakazi wanaoacha kazi kwa hofu. Ada yako kwa mwaka haifiki hata sehemu ndogo ya hapo. Akikataa, uliza chama kama kina daraja la mwanachama mwanafunzi au mshiriki. Vyama vingi vina ngazi, na ya chini huwa nafuu.

Kabla hujatoa hata shilingi, chunguza. Uliza kimeandikishwa wapi. Ofisi ya URSB, ile ya serikali inayoandikisha kampuni na vyama, inaweza kukuthibitishia. Omba katiba yake uisome, hasa ibara ya uchaguzi na ya fedha, kisha uulize hesabu za mwaka jana zilisomwa lini. Chama ambacho viongozi wake hawajabadilika na hesabu hazijasomwa ni duka la mtu. Jihadhari zaidi na kile kinachokupa cheti kwa siku mbili bila mtihani. Cheti cha namna hiyo kina hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu siku moja kitamfanya mtu ashuke kwenye tangi akiamini umelipima. Kisha hudhuria mkutano mmoja kama mgeni. Wakizungumza saa tatu kuhusu hoteli ya mkutano mkuu na fulana za Aprili, bila hata ajali moja kutajwa, nenda zako. Ukimsikia mtu akisimama na kusema "kwetu mwezi uliopita tulikosea hivi", vua viatu, hapo umefika nyumbani.

Na ujue pia chama kisichoweza. Hakiwezi kufunga kiwanda. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa serikali. Hakiwezi kuripoti ajali kwa niaba ya mwajiri wako. Mtu akiumia vibaya au akifa, taarifa kwa mamlaka ni wajibu wa kisheria, na rafiki wa chama asikushauri kuichelewesha ili "tulimalize kimya kimya".

Nimebaki na swali lako la mwisho, kuhusu unesi, nami nimelifurahia kuliko yote. Mwaka 1700 daktari Mtaliano, Bernardino Ramazzini, aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Fani hii ina mizizi kwenye zahanati sawa na kwenye karakana. Mhandisi anaiona mashine kabla haijaumiza, wewe unauona mkono baada ya kuumizwa, na mkono unasema ukweli ambao ripoti ya supavaiza mara nyingine huuficha. Hapa nchini wako wengi walioingia fani hii kupitia afya ya jamii na afya ya mazingira, na chama chenye akili kitakupokea kwa mikono miwili.

Tena una hazina ambayo maofisa wengi hawana: daftari la majeruhi la miaka minne, tena kwa mwandiko wako. Chukua jioni mbili, ulipitie ukurasa kwa ukurasa. Andika pembeni kila jeraha la mkono: mashine ipi, zamu ipi, saa ngapi, kulikuwa kunafanyika nini. Nimewahi kufanya hivyo katika kiwanda kimoja, tukakuta vidole vingi vilivyobanwa havikutokea wakati wa uzalishaji bali wakati wa kutoa plastiki iliyoganda, mashine ikiwa imezimwa kwa kitufe tu badala ya swichi kuu na kufuli. Kila mtu alikuwa amelaumu uzembe wa zamu ya usiku. Tatizo lilikuwa kufuli moja la kununua dukani, na fundi wa kufunzwa kulitumia.

Usitoe jina la mgonjwa wako yeyote. Kiapo chako cha unesi bado kipo pale pale. Ondoa na jina la kiwanda. Yatakayobaki yanaenea kwenye karatasi moja, na hiyo ndiyo utakayokwenda nayo mkutano wa kwanza.